Pama Ifuate Uso Wako: Namna ya Kuichagua na Kuiunda Upya

Pama nzuri humfanya mtu atazamwe usoni. Watu wakiiona kofia kabla ya kukuona wewe, ujue kuna mahali haijakaa sawa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaundia upya kofia wazee na mabwana harusi hapa Moshi, na kila anayekuja ninamwambia jambo lilelile: nunua felti nzuri na saizi yako. Umbo tutaliweka wenyewe.

Kagua felti

Felti haifumwi. Ni manyoya yaliyoshikana kwa joto, maji na kushindiliwa, ndiyo maana mvuke huweza kuyalegeza ukayapanga upya. Felti ya manyoya ya sungura au ya mnyama aitwaye biva ni nyembamba, imara na hushika umbo. Ya sufu ya kondoo ni nafuu, lakini ikiloa sana husinyaa.

Ukiwa kwenye soko la mitumba, bonyeza ukingo kwa vidole. Felti nzuri hurudi yenyewe. Iliyochoka hubaki na mkunjo. Kisha inua kofia juani utazame kwa ndani, maana tundu la nondo hupitisha mwanga. Kofia za kale mno, za kabla ya miaka ya 1940, mimi sizitii kwenye mvuke kabisa. Viwanda vilikuwa vikitumia zebaki, ambayo ni sumu, kutayarisha manyoya, na Marekani iliachana nayo mwaka 1941.

Pima kichwa

Zungusha tepu ya fundi cherehani katikati ya paji, juu kidogo ya masikio, hadi pale kisogo kinapotokeza. Ukipata sentimita 58, tafuta 7¼ kwenye kofia za Marekani. Ikilegea kidogo, tia kipande chembamba cha sponji nyuma ya ukanda wa ngozi wa ndani. Ikikuachia alama kwenye paji, irudishe kwa muuzaji.

Soma uso

Uso mrefu unapendezwa na kuba fupi na ukingo mpana. Uso wa duara unataka kuba iliyoinuka na ukingo ulioshushwa mbele, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kuba isiwe nyembamba kuliko mashavu, la sivyo uso utaonekana umevimba. Kwa mtu mfupi, ukingo wa sentimita 6 unatosha. Ukizidi sana, unamla kimo.

Bwana harusi mmoja mwenye uso wa duara aliniletea pama yenye mabonyeo makubwa ubavuni. Tuliyasukuma yote yatoke, tukainua kuba, tukaacha bonde dogo tu juu. Mama yake alipomwona alisema, "Sasa ndiyo wewe, mwanangu." Felti ilikuwa ileile.

Tia mvuke

1. Geuza ukanda wa ngozi utoke nje, mbali na mvuke. Ngozi ikipata joto hujikunja na kofia hupungua saizi.
2. Chemsha birika. Shika kofia umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni mwake, ukiizungusha mpaka felti ilegee. Isilowe.
3. Sukuma mikunjo ya zamani kutoka ndani kwa ngumi, hadi kuba iwe duara tupu.
4. Rudia mvuke, kisha chora bonde la juu kwa ubavu wa kiganja. Anza na bonde la kina kidogo, uvae, ujitazame kwenye kioo, ndipo uongeze.
5. Mabonyeo ya mbele yaweke kwa dole gumba na vidole viwili, pande zote kwa pamoja ili yalingane.
6. Ukingo ulaze mezani, funika kitambaa chenye unyevu, upitishe pasi ya joto la wastani. Kisha ushushe mbele, uinue nyuma.
7. Iache ikauke usiku kucha, ikiwa imelazwa kichwachini. Ikilalia ukingo, kazi yote ya pasi inaharibika.

Jitazame kwenye kioo kirefu ukiwa na viatu na koti utakalovaa siku ya shughuli, kwa sababu kofia hupimwa na mwili mzima. Umbo lisipokuridhisha, chemsha birika tena. Felti nzima inakubali kurudiwa. Felti iliyokufa na saizi isiyo yako ndivyo visivyotibika kwa mvuke, kwa hiyo subira yako yote itumie hapo, kabla hujatoa pesa.