Mustang ya 1964: Namna ya Kusoma Hamu ya Enzi Zile

Wazee wengi wa Kimarekani ukiwatajia magari ya ujana wao, hawanyamazi tena. Watakwambia gari lilikuwa gari wakati ule, haya ya sasa ni makopo tu. Sisi wasomi huwa tunachagua moja kati ya mawili: tunaamini yote, au tunacheka. Mimi napendekeza tuisome hamu hiyo kama tunavyosoma hati ya historia, kwa maswali matatu.

Kwanza, nani anakumbuka? Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 jijini New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Vijana waliozaliwa 1946, wimbi kubwa la uzazi lilipoanza baada ya vita, ndio kwanza walikuwa wanafikisha miaka 18. Ndani ya mwaka mmoja yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. Wanasaikolojia nao wameona kwamba mtu mzima hukumbuka sana mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake. Gari na umri vilikutana.

Pili, anakumbuka nini hasa? Hapa ndipo penye utamu. Chini ya umbo lile la kuvutia, Mustang ilitumia vipuri vingi vya Ford Falcon, gari la bei nafuu lisilo na mbwembwe zozote. Ya bei ya chini ilikuwa na injini ya kawaida tu ya silinda 6. Sasa kama ni chuma kinachopendwa, mbona Falcon haiimbwi kiasi hicho? Naona kinachokumbukwa ni kutoka nyumbani jioni bila kuulizwa unakwenda wapi.

Tatu, nini kimeachwa? Breki za Mustang ile zilikuwa za dramu magurudumu yote manne. Kwenye magari mengi ya wakati huo, ajali ikitokea, nguzo ya usukani iliweza kumchoma dereva kifuani. Mwaka 1966 pekee, watu zaidi ya 50,000 walikufa katika barabara za Marekani. Na kuna jambo zito zaidi: Mustang ilipozinduliwa, sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika hoteli na migahawa nchini kote ilikuwa bado haijasainiwa. Ilisainiwa tarehe 2 Julai mwaka huohuo. Weusi wengi walisafiri na Green Book, kitabu kilichotolewa tangu 1936 kuwaonyesha wapi wangepokewa. Barabara ileile, kumbukumbu mbili.

Kwa hiyo hamu ya zamani siyo uongo. Ni ushahidi mzuri kuhusu ujana wa msimuliaji, ila ni ushahidi dhaifu kuhusu gari lenyewe. Ukienda kuwahoji wazee kwa ajili ya tasnifu yako, wakakwambia zamani mambo yalikuwa mazuri, usifunge daftari. Waulize yalikuwa mazuri kwa nani, na wao walikuwa na miaka mingapi.