Mazoezi ni Dawa ya Viungo

Somo letu la leo ni juu ya mwili. Kwetu Rwimbogo hakuna mtu asiyehitaji mgongo na magoti. Twapanda na kushuka vilima, twalima kwa jembe, twabeba maji na mavuno kichwani, twasukuma baiskeli zenye mizigo. Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini yule asiyeweza kuinama atafanyaje?

Mara nyingi mtu aumwapo kiuno hupewa shauri moja: "Lala, usijisogeze mpaka maumivu yaishe." Naye hulala wiki, kisha mwezi. Shamba lashikwa na magugu, fedha za shule za watoto zakosekana, na siku anapojaribu kusimama aona miguu imelegea na mgongo umekakamaa kuliko kwanza. Sasa ana magonjwa mawili: lile la kwanza, na lile lililoletwa na kulala. Na tuone sababu yake, kisha tuone lifaalo kufanywa.

KIUNGO NI NINI?

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi, na katikati mna ute unaofanya kazi kama mafuta katika mashine. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Chakula chake chatoka katika ule ute, ambao huingia na kutoka kila kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama vile sifongo inavyonywa maji. Basi kiungo kisichotumika hukosa chakula.

Uti wa mgongo nao ni viungo vingi vilivyopangwa. Una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake pingili zilizoungana. Kati ya pingili nyingi mna kisahani kinachopokea uzito, nacho pia husaidiwa na mwendo ili kipate chakula. Tena uti hausimami peke yake. Washikwa na misuli ya tumbo, ya mgongo na ya matako, kama nguzo ya hema ishikwavyo na kamba. Kamba zikilegea, nguzo huyumba.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno. Katika kila wagonjwa 10 wa namna hiyo, yapata 9 hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa maalumu unaoweza kuonyeshwa. Mwaka 2023 Shirika hilo lilitoa maelekezo kwa wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu: lilishauri mazoezi na mafundisho kwa mgonjwa, likaonya juu ya kutegemea mikanda ya kiuno.

MFANO WA GATAGARA

Tiba ya viungo kwa mazoezi huitwa fiziotherapia. Rwanda ina mfano mzuri wa kazi hiyo. Ukitoka kwetu Rusizi, ukavuka msitu wa Nyungwe na kupita Huye, wafika wilaya ya Nyanza, ambako kuna kilima cha Gatagara. Hapo mwaka 1960 Padre Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyeitwa pia Ndagijimana, alianzisha nyumba ya watoto wenye ulemavu. Siku zile polio iliwaacha watoto wengi wakitambaa chini, na wengine walifichwa nyumbani kwa sababu ya aibu. Pale Gatagara walipata upasuaji, vyuma vya miguu, magongo, mazoezi na masomo. Padre alifariki mwaka 1982, lakini kazi yake yaendelea.

Tuangalie jambo moja hapo. Chuma cha mguu hakimfanyi mtoto atembee kama misuli yake haikufundishwa. Daktari hunyoosha mguu kwa saa chache; mazoezi huufundisha kazi kwa miezi mingi. Anayeacha mazoezi hupoteza hata faida ya upasuaji.

Zamani wataalamu wa tiba hii walikuwa wachache sana. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilifundisha vijana wa Rwanda kazi hiyo, na mwaka 2013 ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Wanafunzi wapendao sayansi na wafikirie njia hiyo.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Mtu mwenye kiuno au magoti yanayouma kwa kazi au kwa uzee, asiye na dalili za hatari tutakazozitaja, aweza kuanza hivi:

1. Kutembea. Chagua njia tambarare. Anza na dakika 10 kila siku, uongeze kidogo kila wiki.

2. Goti. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu mpaka 5, ushushe polepole. Fanya mara 10 kila mguu.

3. Kiuno. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua matako, hesabu mpaka 5, shusha. Fanya mara 10.

4. Mgongo. Piga magoti, mikono chini. Inua mgongo juu kama paka aamkaye, kisha uushushe taratibu.

5. Kusimama. Keti kitini, usimame bila kushika kitu. Rudia mara 5 kwanza, kisha 10.

Maumivu madogo wakati wa mazoezi si ishara ya kuharibika. Kipimo ni hiki: kama kesho yake maumivu yamezidi kuliko kabla ya kuanza, punguza, usiache. Haba na haba hujaza kibaba.

Shambani, simama wima kila baada ya mistari michache. Mzigo mzito ugawe mara mbili, na uuinue ukiwa karibu na mwili. Nanyi ndugu wa ofisini na madereva, msijidhani mmesalimika: inukeni mara kwa mara mnyooshe miguu.

Watu wa pande zetu wamezoea pia kusifu maji ya moto ya Bugarama kwa maumivu ya mifupa. Ni kweli kwamba joto hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda. Lakini joto hufungua mlango tu. Anayepaswa kuingia ni mgonjwa mwenyewe, kwa mazoezi.

DALILI ZA HATARI

Usifanye mazoezi, bali nenda kwenye kituo cha afya upesi, ukiona haya: maumivu baada ya kuanguka au ajali, mguu unaopoteza nguvu, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa na kukonda, maana kifua kikuu chaweza kushika uti wa mgongo, au kiungo cha mtoto kilichovimba na kuwa cha moto. Mfupa uliovunjika usivutwe wala kukandwa nyumbani. Kutoka kituoni mgonjwa aweza kutumwa hospitali ya Mibilizi au ya Gihundwe. Mituweli na iwe imelipwa mapema, isilipwe siku ya ugonjwa.

Basi, mwanafunzi, ukirudi nyumbani ukamkuta babu au shangazi amelala kwa sababu ya kiuno, usimpe pole tu. Muulize kwanza dalili za hatari. Kama hana, mpe mkono, mtembee pamoja mpaka mgombani na kurudi. Kesho mfike mbele kidogo.

MASWALI

1. Gegedu hupataje chakula chake?
2. Kwa nini kulala muda mrefu hudhuru mgongo?
3. Taja dalili tatu zimpasazo mgonjwa kwenda kituoni upesi.
4. Kwa nini upasuaji bila mazoezi hautoshi?