Mtendaji anataka pasi ya shemeji

Swali: Shemeji yangu, Mkenya, amekuja kulima nasi Mnazi, wilayani Lushoto. Mtendaji wa kijiji anadai aone pasi yake. Ana haki hiyo?

Jibu: Kuuliza, anayo. Kijiji hutunza rejesta ya wakazi, na wilaya yenu inapakana na Kenya, kwa hiyo msishangae. Ila kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, chini ya sheria ya 1995. Barua ya mtendaji haigeuki kibali hata ikigongwa mihuri mitatu. Akiwa na shaka, atoe taarifa Uhamiaji. “Faini” ya mkononi, isiyo na risiti, msilipe. Shemeji naye aangalie: je, aligongewa muhuri mpakani, labda Holili? Matembezi ni matembezi. Kukaa kulima kunataka kibali.