Somo la Mwezi Huu: Namba za Jirani Zimo Katika Simu Yako



Somo letu la mwezi huu lahusu simu janja, na hasa namna ya kuchagua programu za kuweka ndani yake. Huenda mwingine akauliza, "Mambo ya simu yameingiaje katika gazeti la parishi?" Habari ifuatayo itamjibu.

Mama mmoja wa hapa kwetu alikuwa na mtoto anayeanza kidato cha kwanza. Sare, godoro na nauli vilimwelemea, na viazi vilikuwa bado shambani. Ndipo ikaja linki katika simu yake, ikitangaza mkopo usio na dhamana wa dakika tano. Akaigusa, akaiweka programu ile, na kila ilipomwuliza jambo alibonyeza kitufe cha kuruhusu. Aliomba shilingi 50,000. Zilizomfikia ni 35,000, kwa maana nyingine zilikatwa kwanza kwa jina la gharama. Akatakiwa kurudisha 50,000 kamili baada ya siku 7.

Siku ya nane ujumbe uliingia katika simu ya mchungaji, ya mwalimu wa shule, ya mwenzake wa kwaya, ya wifi yake aliyeko Makambako, na yetu sisi pia. Ulisema kwamba mama huyu ni tapeli, na kwamba tumlazimishe kulipa. Sisi tuliusoma, tukaufuta, tukanyamaza, tukidhani ya kuwa kunyamaza ni heshima. Jumapili mbili zikapita bila yeye kuonekana kanisani. Tulipokwenda kumjulia hali, alitwambia, "Shikamoo Mwalimu. Mimi sikumpa mtu namba zenu. Nilibonyeza tu."

Basi, hebu tuichunguze habari hii kama tulivyozoea darasani.

Hesabu yake

Mama alipokea 35,000 akadaiwa 50,000. Gharama ya mkopo ni 15,000. Gawanya 15,000 kwa 35,000, utapata karibu asilimia 43, tena kwa juma moja tu! Mtu akija mlangoni na masharti hayo tutamfukuza. Yakija katika simu, yenye rangi nzuri na picha ya mtu anayecheka, twayakubali bila kuyapigia hesabu.

Namba zile zilitokaje?

Programu inapowekwa katika simu haiwezi kuona kila kitu. Huomba ruhusa: kuona orodha ya majina uliyoyahifadhi, picha, ujumbe, mahali ulipo, au kutumia kipaza sauti. Ukiruhusu majina, yaweza kuyanakili yote na kuyapeleka kwa mwenyewe, popote alipo. Ukija kuifuta programu hiyo baadaye, majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mama yule alidhani anatoa ruhusa juu ya mali yake. Kumbe alikuwa anatoa namba ya mchungaji, ya wifi na ya mwalimu, ambao hawakuulizwa. Simu ni yako, lakini waliomo ndani yake ni jirani zako. Anayechagua programu anawachagulia na wao.

Namna ya kuchagua

Sisi wakulima twajua kununua mbegu. Hatukubali mfuko kwa sababu tu umeandikwa vizuri. Twatazama lebo ya TOSCI, twakwangua namba iliyofichwa, twaihakikisha, na kisha twamwuliza jirani aliyeipanda mwaka jana. Duka la programu nalo lataka macho hayo hayo.

Kwanza, ingia dukani mwenyewe. Simu nyingi za hapa kwetu hutumia duka la Google liitwalo Play Store. Zile za iPhone hutumia App Store. Tafuta humo kitu unachokihitaji. Usiweke programu iliyokuja kwa linki ya WhatsApp au ya ujumbe mfupi, hata ikiwa imeletwa na rafiki, maana huenda naye ameletewa tu. Ikiwa ni programu ya benki yako, uliza jina lake kamili kwa watumishi wa tawi, ndipo uitafute.

Pili, usichukue ya kwanza kwa sababu ni ya kwanza. Baadhi ya programu huwekwa juu ya orodha kwa kuwa wenyewe wamelipia tangazo. Tazama jina la mtengenezaji lililo chini ya jina la programu. Waigaji hupenda kubadili herufi moja tu.

Tatu, soma maoni ya watumiaji, na anza na ya wale waliotoa nyota moja. Sifa zaweza kununuliwa. Malalamiko yanayofanana kutoka kwa watu wengi ni ushahidi mzito zaidi.

Nne, pima ruhusa kwa kazi. Programu ya ramani ikiomba kujua mahali ulipo, hiyo ni haki yake. Ya tochi ikiomba majina ya watu, iulize: tochi na majina wapi na wapi? Kataa. Ikiwa haifanyi kazi bila ruhusa hiyo, iondoe. Hata ruhusa uliyokwisha kuitoa waweza kuifunga kwa kwenda kwenye mipangilio ya simu. Na ikiwa maandishi ya Kiingereza yanakutatiza, simu nyingi zaweza kugeuzwa zisomeke kwa Kiswahili. Asiyeelewa swali asijibu "ndiyo".

Tano, kwa programu za mikopo, ongeza uangalifu. Tangu tarehe 31 Mei 2023 sheria za duka la Google zimezikataza programu za mikopo binafsi kuchukua orodha ya majina na picha za mkopaji. Duka hilo, kwa kawaida, haliruhusu pia mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60. Kwa hiyo programu inayodai majina yako, au kutaka fedha zote baada ya siku 7, imejifichua yenyewe.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya parishi yetu tu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila idhini yake. Benki Kuu huonyesha katika tovuti yake majina ya wakopeshaji wenye leseni. Asiyeweza kuitafuta amwombe kijana wake amsomee kabla ya kukopa, siyo baada.

Yakikupata

Usifute ujumbe wa vitisho. Utunze uwe ushahidi. Funga ruhusa, ndipo uondoe programu. Toa taarifa polisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako, na iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ujumbe wa matapeli wanaoomba fedha waweza kupelekwa TCRA kwa namba 15040. Kadhalika, waambie mapema wale ambao namba zao zimo katika simu yako, ili wasishtuke.

Nasi tunaopokea ujumbe wa kumchafua mwenzetu tunao wajibu. Tusiusambaze. Tusilipe chochote kwa kutishwa. Wala tusinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Fedha wanazozitafuta watu hawa huzipata kwa aibu, na aibu hukua mtu akiachwa peke yake. Mama yule alitwambia kwamba kwa siku zile zote alidhani kila aliyekaa kimya anamcheka. Simu moja ya kumwambia, "Mama, tumeona, tuko pamoja," ingalimtosha.

Sasa amerudi katika kwaya. Deni alilimaliza alipouza viazi. Safari hii mahitaji ya mtoto ameyakopa katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambako daftari hufunguliwa mbele ya wote na hesabu huonekana.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Fungua simu yako. Ni programu ngapi zenye ruhusa ya kuona majina uliyoyahifadhi? Ni zipi zinaihitaji kweli?

2. Mtu akikopa shilingi 20,000, akapokea 15,000, akarudisha 20,000 baada ya juma moja, gharama ni asilimia ngapi ya alichopokea?

3. Ukipokea leo ujumbe unaomwita jirani yako tapeli, utafanya nini kabla ya jua kutua?