SOMO LA HISTORIA: NYUMBA YA SHIWA NG'ANDU

Ndugu wanafunzi, fungueni karta. Kule Zambia, upande wa Mpika, iko ziwa dogo linaloitwa Shiwa Ng'andu, maana yake kwa Kibemba ziwa la mamba. Maji yake yanaingia mto Mansha, halafu Chambeshi, yanazunguka katika mabwawa ya Bangweulu, na yakitoka huko yanaitwa Luapula. Ni kusema, maji tunayochota hapa Kasenga, mengine yamepita kwanza mbele ya nyumba ya mzungu mmoja. Tuitembelee leo kwa masomo.

Mwenye nyumba alikuwa Stewart Gore-Browne, askari Mwingereza aliyezaliwa 1883. Mwaka 1911 alikuja huku si kwa kulima bali kwa kazi ya mpaka. Mkataba wa 1894 ulikuwa umekwisha kuikata nchi kwa mto Luapula; tume ya Waingereza na Wabeleji ilitumwa kuweka alama kule penye hakuna mto, kati ya Katanga na Rhodesia ya Kaskazini. Juu ya mpaka ule, leo shangazi akiolewa ngambo, kwenda kumsalimu ni kutafuta karatasi kwanza. Kazi ilipokwisha, 1914, bwana yule aliona ziwa akalipenda. Baada ya vita akarudi, na kutoka 1920 akaanza shamba na kujenga.

Mgeni akifika anapita njia ndefu yenye miti pembeni, halafu lango lenye mnara wa saa. Nyumba yenyewe ni ya matofali, ya gorofa, na ndani mna chumba cha vitabu na kanisa ndogo. Unaweza kufikiri uko Ulaya. Lakini matofali yalichomwa pale pale. Vitu visivyotengenezwa pale vilishuka kwa treni Ndola. Kutoka huko wapagazi walitembea mpaka Luapula, wakapanda mitumbwi katika Bangweulu na Chambeshi, halafu tena miguu siku nyingi. Ukiona kinanda au kioo katika nyumba ya namna ile, uliza kichwa cha nani kilikibeba.

Kule Jamaika na Barbados pia watu hutembelea nyumba za mabwana wa miwa. Zile zilijengwa kwa jasho la watumwa waliotoka Afrika. Shiwa hapakuwa na utumwa, watu walipokea mshahara. Lakini serikali ilidai kodi kwa feza, na feza haioti katika shamba la mihogo. Wanaume wengi wa ngambo ile walikuja mpaka migodi ya Katanga kuitafuta. Wengine walibaki kwa bwana.

Na bwana mwenyewe si rahisi kumpima. Watu walimwita Chipembele, yaani kifaru, juu ya hasira yake, na fimbo yake waliijua. Lakini yeye huyu alisimama katika baraza la sheria kupinga ubaguzi wa rangi, na baadaye akaingia chama cha UNIP pamoja na Kenneth Kaunda. Alipokufa 1967, Zambia huru ilimzika kwa heshima ya taifa, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Sisi tunaona yote mawili ni kweli, na mwanafunzi asifute moja kwa kupenda lingine.

Shamba lilitoa mafuta ya manukato, ya malimau na machungwa, yaliyouzwa Ulaya, mpaka ugonjwa ukaiua miti. Leo nyumba inapokea wageni wanaolipa.

Vitabu vinamsimulia bwana sana. Wapagazi wanaitwa wapagazi tu. Nehemia sura ya 3 haifanyi hivyo. Inaandika waliojenga ukuta wa Yerusalemu mmoja mmoja kwa jina, hata fundi wa manukato.

Kazi ya juma lijalo: hapa Kasenga Wagreki waliofanya biashara ya samaki kwa kulisha migodi walikuwa na nyumba na maghala. Kila mmoja achague nyumba moja ya zamani, ya Mgreki, ya misioni au ya serikali. Amtafute mzee aliyeona, ao aliyesikia kwa baba yake: nani alichoma matofali, nani alikuwa kapita, walilipwa nini? Andikeni majina yote mawili, la baba na la kijiji. Ukurasa mmoja, wino, si kalamu ya risasi.