SOMO: CHUMBA CHA CHAMA NA MKATABA WA PANGO



Wewe na wenzako mmehitimu kisomo hapa Haydom. Mmeanzisha chama cha kujiendeleza. Mna vitabu, mna ubao, mna nia. Lakini hamna chumba. Mnasomea chini ya mti, na mvua ikija somo limekwisha.

Shida hii si yenu peke yenu. Hata vyama vya wataalamu vimeipata.

Mwaka 1909 wataalamu wa wanyama na mimea walianzisha chama mjini Nairobi. Siku hizi kinaitwa Nature Kenya. Mwaka 1910 walianzisha makumbusho mahali lilipo sasa jengo la Nyayo House. Pakawa padogo. Mwaka 1922 likajengwa jengo kubwa zaidi, mahali ilipo sasa hoteli ya Serena. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilitenga ardhi kilimani. Makumbusho yakafunguliwa huko tarehe 22 Septemba 1930, na yapo mpaka leo. Haya, hesabu: miaka 20, mahali patatu!

Huko London nako, vyama vya wataalamu vilivyopanga katika jumba la serikali liitwalo Burlington House vilisumbuka miaka mingi kwa sababu ya kodi kupanda. Mwaka 2024 vilifikia makubaliano na serikali ya mkataba wa miaka 999.

Sisi hatuhitaji miaka 999. Lakini karatasi tunaihitaji.

Nilipata kuona kikundi kimoja cha kisomo kilichopewa chumba kwa maneno tu. Wanachama walichanga, wakapiga lipu, wakatia mlango. Mwaka uliofuata mwenye nyumba akafariki. Watoto wake walikuja, wakauliza, "Ninyi ni nani?" Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu. Maneno ya baba yao yalizikwa pamoja naye, na kikundi kikarudi chini ya mti.

Basi fanyeni hivi:

1. Jueni mnataka nini. Mko wangapi? Mnakutana siku gani? Vitabu vitafungiwa wapi?

2. Mjueni mwenye chumba. Kama nyumba ni ya urithi, wahusika wote waambiwe. Kama chumba ni cha kijiji, pelekeni ombi kwa halmashauri ya kijiji. Likikubaliwa, liandikwe katika muhtasari wa kikao.

3. Pigeni hesabu kabla ya kwenda kuzungumza. Tuseme kodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na mwenye chumba anataka ya miezi 6:
30,000 × 6 = 180,000.
Wanachama ni 20:
180,000 ÷ 20 = 9,000 kila mmoja.
Mkiona ni nzito, ombeni kulipa ya miezi 3. Kila mmoja atatoa 4,500.

4. Andikeni mkataba. Uonyeshe: majina ya pande mbili, chumba kilipo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kodi na siku ya kulipa, nani atatengeneza paa likivuja, gharama za matengenezo zitarudishwa vipi, na notisi ya miezi mingapi kabla ya kuhama au kuhamishwa.

5. Angalieni nani anatia saini. Kama chama hakijaandikishwa kisheria, anayetia saini anaweza kudaiwa yeye mwenyewe. Msimwachie katibu mzigo peke yake.

6. Wawepo mashahidi. Kila upande ubaki na nakala. Kila mkilipa, daini stakabadhi na mweka hazina aitunze.

Usitie saini usichokisoma. Kwa ajili hiyo ulijifunza kusoma! Neno usilolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Pengine mwenye chumba atasema, "Sisi ni ndugu, karatasi ya nini?" Mjibuni kwa adabu: "Ni kweli, mzee wetu. Tunaandika ili tuendelee kuwa ndugu."

MANENO YA KUJIFUNZA
Pango: kukodi nyumba au chumba.
Notisi: taarifa inayotolewa mapema.
Nakala: karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini kile kikundi kilipoteza chumba?
2. Kodi ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Wanachama ni 10. Kila mmoja atatoa kiasi gani kwa miezi 4?
3. Andikeni pamoja mkataba wa chumba cha chama chenu. Mmoja ausome kwa sauti, wengine wakosoe.