Je, Kiswahili Kimeshindwa na Barafu?

Muhula uliopita chama chetu kilijadili hoja kwamba Kiswahili kinaweza kueleza mahali popote duniani. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Mpinzani wangu akanitaka nieleze siku moja ndani ya meli ya watalii iendayo Antaktika, bara la Ncha ya Kusini. Lo! Nilianza vizuri, lakini nilipofika kwenye barafu nikaponyokwa na neno la Kiingereza. Ukumbi ukaangua kicheko, nasi tukashindwa. Basi nimepekua kamusi na vitabu vya Jiografia. Leo nalipa deni.

SAFARI YENYEWE

Meli nyingi za aina hii hung'oa nanga Ushuaia, mji ulio kusini kabisa mwa Argentina. Mbele yake kuna Mlango wa Drake, wenye upana wa kilometa 800 hivi pale ulipo mwembamba. Kuuvuka huchukua siku mbili hivi, na kutwa nzima abiria haoni nchi kavu. Nahodha yuko kwenye chumba cha usukani. Omo huinuka na kushuka, shetri hufuata, na asiyezoea huchafukwa na roho. Wenye nguvu husikiliza mihadhara kuhusu ndege na nyangumi.

Kisha kuna kazi ambayo sisi wakulima tutaielewa upesi. Kila abiria hukagua mifuko, nguo na nyayo za viatu, akaondoa mbegu na udongo. Viatu huoshwa kwa dawa, ili magugu na magonjwa ya kigeni yasifike kule. Kwani si ndivyo tunavyokanyaga dawa langoni mwa shamba la ng'ombe kukiwa na ugonjwa wa miguu na midomo?

Hatimaye siwa barafu la kwanza huonekana. Hilo ndilo neno lililonitoroka! Karibu sehemu tisa kati ya kumi zimo chini ya maji. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa; hili laelea bila fundi.

MSAMIATI

Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Shetri: sehemu ya nyuma ya chombo.
Barafuto: barafu nene itambaayo polepole juu ya nchi kavu.
Siwa barafu: pande kubwa lililomeguka kutoka barafuto, likaelea baharini.
Theluji: barafu laini idondokayo kutoka mawinguni.
Sakitu: unyevu ulioganda juu ya majani.

Neno hili la mwisho lilinitia aibu zaidi. Sakitu nimeiona hapa hapa Olenguruone, asubuhi za baridi kali, ikiunguza majani ya viazi vyetu. Nyumbani tunaiita barafu tu. Kumbe Kiswahili hakikushindwa; aliyeshindwa ni mimi, ambaye sikuwa nimefungua kamusi.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya theluji na sakitu.
2. Tunga sentensi ukitumia: omo, nahodha, siwa barafu.
3. Taja kitu kimoja shambani kwenu usichokijua kwa Kiswahili. Kitafute kabla ya mjadala ujao.